Wodini anapika mwenyewe, akirudi nyumbani hanyanyuki kitandani. Tatizo liko wapi?

#1 Mkaa Ilazo
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni OT, tiba kwa vitendo, ngazi ya mwandamizi, afya ya akili ya jamii, hapa Dodoma. Nawafuata majumbani walioruhusiwa kutoka wodini na nawasimamia vijana waliotoka chuo karibuni. Kuna jambo linanisumbua, nataka mawazo ya watu wa fani na wasio wa fani.

Kijana yupo wodini, ametulia. Anaamka, anatandika, anaoga bila kusukumwa. Tukimpeleka jikoni anasonga ugali, anakaanga mboga, anaosha vyombo na kupangusa jiko. Naandika ripoti kwamba anajimudu, anaruhusiwa. Baada ya wiki chache nakwenda kwao, namkuta amelala saa tano asubuhi, nguo zilezile, sahani ya jana iko chini ya kitanda. Dawa anatumia. Sauti hazisikii tena. Ila hafanyi chochote.

Ziara ya karibuni ndiyo iliyonileta hapa. Nilimwomba mmoja wao anichemshie chai, makusudi nione anavyofanya. Akaingia jikoni, akasimama mbele ya jiko la mkaa, akarudi kukaa. Nikamuuliza kulikoni. "Kiberiti anacho mama." Nikamgeukia mama. Akafungua pindo la kanga, kiberiti kimo humo kimefungwa fundo. Visu vyote viko kwa jirani tangu siku ile kijana alipochafukwa akatishia watu. Mama ana sababu, simlaumu. Lakini mtu asiye na kiberiti wala kisu atapika nini?

Dai langu: tathmini ya jikoni tunayofanya wodini, kwenye jiko la gesi, vitunguu vimeshamenywa na nesi yuko pembeni, haitoshi kumwamulia mtu anayerudi kwenye nyumba ya namna hiyo. Tuache kuitumia kuamua nani aende nyumbani. Nipingeni.

#2 Nesi wa Zamu
Nakupinga. Anza na dawa.

Wodini largaktil, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili, anapewa saa mbili usiku, saa tatu taa zimezimwa, saa kumi na mbili asubuhi anaamshwa. Nyumbani anameza saa ngapi? Pale familia inapokumbuka. Wengine saa sita usiku, tamthilia ikishaisha. Halafu mtaalamu anafika saa tano asubuhi anashangaa mtu amelala. Ongeza haloperido, dawa nyingine ya akili: mwili unakakamaa, hatua zinakuwa fupi, uso hauchangamki, na nyumbani wanamwita mvivu. Uliangalia mikono yake kabla ya kumwomba chai?

#3 Kata Kiu
Hivi OT si ndio wale wa kuwasukisha wagonjwa vikapu? Nauliza tu, msinipige.

#4 Mkaa Ilazo
Nesi, nilimkunja kiwiko na kifundo cha mkono, hakuna kukwama. Huyu yuko kwenye sindano ya mwezi, vidonge vya usiku aliondolewa. Kwa hiyo kwake yeye dawa hainitoshelezi. Ila hilo la saa ya kumeza nimelichukua, kuna wengine nitakwenda kuwauliza.

Kata Kiu, vikapu vipo kwa anayesuka vikapu. Aliyekuwa anauza mitumba namrudisha kwenye mitumba: afungue belo, apange kwa saizi, aite wateja, ahesabu chenji. Humo kuna umakini, kumbukumbu na kuzungumza na watu. Ndiyo kazi yenyewe.

#5 Shangazi Korogwe
Kata Kiu usidharau kazi za mikono. Huku kwetu kuna Lutindi, milimani Usambara. Walianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, enzi za Mjerumani, na wagonjwa wakishiriki kazi za shamba na za nyumba. Hiyo largaktil ya Nesi imeanza kutumika kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi watu walikuwa wanatulizwa kwa jembe.

#6 Jembe na Nyundo
Shangazi, hospitali ya kwanza ya akili Afrika Mashariki ni Mirembe. Hilo halina mjadala.

#7 Likoni Feri
Lina mjadala. Mirembe ni 1927. Mathari yetu Nairobi ni 1910.

#8 Shangazi Korogwe
Na 1904 inatangulia 1910, wanangu. Tuendelee na mada.

#9 Jembe na Nyundo
Nimekubali, shikamoo Shangazi.

Ila "kutulizwa kwa jembe" nina shaka nako. Mgonjwa kulima shamba la hospitali bila malipo ni tiba au ni nguvukazi ya bure? Wakoloni walipenda sana kuita kazi dawa.

#10 Mkazi wa Leeds
Salaam kutoka Leeds. Swali la #9 ni zito na huku lilishaumiza vichwa. Hospitali kubwa za akili za Uingereza zilikuwa na mashamba na madobi yaliyoendeshwa na wagonjwa, na moja ya sababu za kuachana na utaratibu huo ilikuwa hiyohiyo, watu kutumikishwa. Kipimo changu: nani ananufaika na kazi ile, na mgonjwa anaweza kukataa?

Nikija kwa mleta mada. Mimi pia ni OT mwandamizi, daraja la 6 la mishahara ya hospitali za serikali huku, timu ya afya ya akili ya jamii. Ninayoyaona hapa ni yaleyale, tofauti ni kwamba badala ya jiko la mkaa kuna jiko la umeme ambalo kijana anaogopa kuliwasha kwa sababu ya bili. Kuna utafiti wa zamani unanirudia kila mara: John Wing na George Brown walifuatilia wanawake wenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, kwenye hospitali tatu za Uingereza, wakatoa matokeo yao mwaka 1970. Muda ambao mgonjwa anakaa bila kufanya lolote ndio ulioendana zaidi na kuzorota kwake, na palipopunguzwa muda huo, hali ilielekea kuwa afadhali. Nyumba nyingi ninazoingia sasa zimekuwa wodi ile ya zamani. Mtu, televisheni, kitanda.

Halafu kuna sigara. Wodini huku hairuhusiwi kuvuta. Akirudi nyumbani anavuta pakiti kwa siku, nikotini inaishusha klozapini, dawa yake ya akili, kwenye damu na ugonjwa unarudi taratibu. Muulizeni pia.

#11 Duka la Dawa Msamvu
Nyongeza kwa Leeds: nikotini haihusiki. Ni moshi wenyewe, yale masizi ya kuungua kwa tumbaku, ndiyo yanayolichochea ini livunje klozapini na olanzapini haraka. Anayetafuna tumbaku au kubandika kiraka cha nikotini hapati mabadiliko hayo. Kinyume chake pia ni hatari: mvutaji akilazwa akaacha sigara ghafla na dozi ikabaki ileile, dawa inapanda kwenye damu.

Kwa Dodoma sidhani kama ndilo jibu. Wagonjwa wengi ninaowahudumia wako kwenye haloperido, largaktil na sindano ya mwezi, siyo klozapini. Muulize kuhusu bangi na gongo kwanza. Na benzheksoli, dawa ya kupunguza kukakamaa, wengine wameizoea wanameza zaidi ya walivyoandikiwa, inawavuruga kumbukumbu.

#12 Mkazi wa Leeds
Sahihi kabisa, asante mfamasia.

#13 Mama wa Tabata
Naombeni na mimi mnisikilize. Siye yule wa Dodoma, lakini na mimi kiberiti nakifunga kwenye kanga.

Mwanangu alichoma godoro. Ndani walikuwa wajukuu wamelala. Alivyotoka hospitali akaja mtaalamu, kijana mzuri, mpole, akasema mama mwachie afanye mwenyewe, usimfanyie kila kitu, utamlemaza. Sawa. Yule mtaalamu saa tisa alasiri akapanda bodaboda akaondoka. Usiku nimebaki na nani?

Tena mnaongea mambo ya kupika bila kusema bei ya mkaa. Akiunguza sufuria ya maharage, sina nyingine ya kubandika, watu saba wanalala na chai. Namfanyia kwa sababu nikifanya mimi chakula kinapatikana. Hilo ndilo jibu la swali lenu, siyo mambo ya ubongo wala sigara.

#14 Nesi wa Zamu
Pole sana mama. Hapa sina cha kupinga.

#15 Fundi Kiatu
Mimi nimeugua. Nimelazwa zaidi ya mara moja, sasa niko sawa na dawa natumia. Nimewasoma wote, kila mmoja ana kipande chake, lakini hamjauliza yule aliyelala kitandani anawaza nini.

Wodini kuna kengele. Usipoamka chai inaisha. Kuna mwenzako kitanda cha pili anakuuliza mbona leo umechelewa. Jikoni ukisonga ugali kuna watu kumi watakaoula. Nilivyorudi nyumbani hakuna mtu aliyekuwa ananingoja popote. Kibanda changu cha viatu alikuwa amekaa mwingine, na wateja wangu walikuwa wake. Ukienda bombani watu wanapunguza sauti. Shemeji ananisemesha kwa kupitia kaka, "mwulize kama atakula". Ndani ya siku chache nikaona kitandani ni pazuri kuliko kwingine kote.

Kilichoninyanyua ni kaka, na wala hakusomea. Alikuwa anajenga, akaniambia kesho saa moja nakutaka site ulinde saruji, nikichelewa kukuona nitapata hasara. Nikaenda. Kesho yake nikaenda tena. Kulinda saruji, basi.

Mleta mada, huyo kijana wako hata ungempa kiberiti, chai angemchemshia nani?

#16 Mkaa Ilazo
Fundi, nimeisoma mara mbili. Aliombwa kuchemsha chai ya mgeni aliyekuja kumkagua. Nitakaa na hilo.

#17 Daktari Kijana
Naingia kwa upande wa ugonjwa, maana naona mnaukwepa.

Skizofrenia ina dalili za kelele, yaani sauti, kuhisi unafuatiliwa, kuchafuka. Hizo dawa inazituliza vizuri. Ina dalili nyingine za kimya: kukosa ari, maneno kupungua, hisia kufifia. Hizo dawa zetu hazizigusi sana. Mtu anaweza kabisa kuujua ugali hatua kwa hatua, lakini ile cheche ya kuanza haiji. Wodini cheche inatoka nje: kengele, nesi, ratiba. Nyumbani imeondolewa.

Kwa hiyo tathmini ya wodini inasema kweli. Inakwambia anaweza akishtuliwa. Kosa ni kuisoma nusu na kuandika "anajimudu" bila kuandika "akianzishwa". Na msisahau sonona. Baada ya mshtuko wa kwanza kupita, kijana anaona maisha yake yalipofikia, anaanguka. Hiyo inatibika, lakini ikiitwa uvivu hakuna atakayeitafuta.

Kuhusu familia, tusizipige mawe. Kulikuwa na utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukaonesha wagonjwa wa skizofrenia wa Ibadan na Agra walikuwa na maendeleo mazuri kuliko wa London au Washington. Wengi wamelisoma hilo kama sifa ya familia kubwa.

#18 Likoni Feri
Daktari, huo utafiti ulikuwa na miji tisa na hakuna hata mmoja wa Afrika Mashariki. Ibadan si Likoni. Na umebishaniwa sana tangu hapo, tusiufanye msahafu.

Mimi ni OT, nilisomea KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, niko Pwani. Nina kisa kinyume cha vyote vyenu. Mama mmoja wodini alionekana hajiwezi kabisa. Jikoni ya hospitali alisimama tu, kijiko mkononi, hata chai hakupika. Ripoti ikasema anahitaji mtu wa kukaa naye. Nikaenda kwake kabla ya kuikubali ile ripoti. Alfajiri saa kumi nikamkuta yuko macho, unga ameshakanda usiku, umeumuka, anasukuma mahamri na kuyakata, mafuta yanachemka, na mjukuu amemtuma dukani kuleta iliki. Hakupima chochote kwa kikombe, mkono wake ndio uliokuwa ukijua. Kufika saa kumi na mbili wateja washapanga foleni mlangoni.

Kwa hivyo mimi niko na mleta mada. Huyu jikoni ya wodi ilimnyima, wa Dodoma jikoni ya wodi ilimpendelea. Zote mbili hazikutuambia ukweli.

#19 Daktari Kijana
Mbona kisa chako kinaniunga mkono mimi? Wateja mlangoni ndiyo kengele yake.

#20 Likoni Feri
Hapana, ni mazoea ya mkono. Unga aliukanda usiku, wateja wamelala.

#21 Fundi Kiatu
Alikanda usiku kwa sababu alijua watakuja. Mnabishana kitu kimoja.

#22 Ustadhi Mwembe Tanga
Assalaam alaykum. Mmeongea dawa, jiko, familia. Hamkuongea dua. Wengine wana majini, na hospitali hailitibu hilo. Nimewaona waliosomewa wakainuka.

#23 Nesi wa Zamu
Waalaykum salaam Ustadhi. Wodini kwetu familia zinakuja kusoma dua na wachungaji wanakuja kuomba, hatufukuzi mtu. Ombi langu moja: anayesomewa asiambiwe aache sindano. Tunaowapokea wakiwa wamerudi hali mbaya, wengi ni wa hivyo.

#24 Ustadhi Mwembe Tanga
Hilo tumekubaliana. Sijamwambia mtu aache, na ninaowasomea nawauliza tarehe ya kliniki.

#25 Mkaa Ilazo
Ustadhi, hapo umenisaidia kuliko unavyodhani. Mtu anayeaminiwa na familia akikumbusha tarehe ya sindano, uzito wake ni mwingine.

Nijibu wengine. Daktari, nakubali kuongeza "akianzishwa" kwenye ripoti, na vijana wangu nitawaelekeza hivyohivyo. Lakini bado sikubali kwamba kiberiti kwenye kanga ni dalili ya ugonjwa wa kijana. Hicho ni kizuizi kilichoko nje yake.

Mama wa Tabata, swali lako la usiku ndilo linalotushinda wengi wenye cheo hiki. Ninachofanya mimi siku hizi siombi mama akabidhi kiberiti. Naanza na kazi zisizo na moto wala makali: kuchambua mchele, kuchota maji, kupepeta dagaa. Baadaye mama anawasha mwenyewe, kijana anakoroga, mama amekaa kwenye kigoda hapohapo. Kiberiti kinarudi kwenye kanga. Ni mama ndiye anayesema lini tusogee hatua nyingine, siyo mimi. Wapo waliokaa hatua moja miezi, na sijaona ubaya.

Na sufuria ikiungua? Hapo sina jibu. Nimewahi kuomba ofisini fungu dogo la unga na mkaa kwa ajili ya mazoezi ya nyumbani, nikaambiwa hakuna kifungu cha bajeti. Wodini kipo.

#26 Kata Kiu
Wakuu samahani, nimewasoma na nimejifunza, naondoa lile la vikapu. Ila Leeds, hilo daraja la 6 linalipa shilingi ngapi?

#27 Mkazi wa Leeds
Mwaka wa fedha 2024/25 daraja la 6 lilianzia pauni 37,338 kwa mwaka kabla ya kodi. Toa kodi, pango, nauli, joto la nyumba.

Kabla hujafunga begi: jina la OT huku linalindwa kisheria, lazima usajiliwe kwanza na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Na Tanzania imo kwenye orodha ya WHO ya 2023 ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, kwa hiyo waajiri wa huku hawatakiwi kuja kuwavua huko. Mtu akiomba mwenyewe haijakatazwa.

Na ujue unachokijia. Ukiwa mwandamizi kwenye timu ya jamii, sehemu kubwa ya wiki unakuwa mratibu wa mgonjwa, sawa na nesi au ofisa ustawi wa jamii: fomu za mafao, simu za pango, vikao. Tangu 2008 OT anaweza hata kusomea mamlaka ya kisheria ya kuomba mtu alazwe bila hiari yake. Wapo wenzangu wamefanya hivyo na wanajivunia. Mimi nimekataa, maana sitaki mtu ninayemfundisha kupika anione mlangoni akafikiri nimekuja kumchukua.

#28 Jembe na Nyundo
Uzi wa kiberiti umegeuka uzi wa viza. Kata Kiu bwana.

#29 Mkaa Ilazo
Leeds, hilo la kuwa mratibu hata huku lipo. Ukipanda cheo unapewa vikao na takwimu, kijana aliyetoka chuo jana ndiye anayekwenda nyumbani peke yake. Nafikiri ingekuwa kinyume, mwenye uzoefu ndiye anayetakiwa kule kwenye jiko la mkaa. Ndiyo maana sijaacha ziara, ingawa nasemwa.

#30 Mama wa Tabata
Asanteni. Hao OT kwa Dar nawapata wapi? Yule wa kwanza hakurudi.

#31 Duka la Dawa Msamvu
Mama, siku ya kliniki muulize daktari wa akili akuandikie rufaa ya tiba kwa vitendo, utaje neno lenyewe. Muhimbili wapo. Ukinyamaza utaandikiwa dawa tu mrudi nyumbani.

#32 Fundi Kiatu
Mama, kabla hajaugua mwanao alikuwa anafanya nini?

#33 Mama wa Tabata
Alikuwa kondakta wa daladala. Kupika hajawahi kupika maisha yake yote, dada zake ndio walikuwa wanapika.

#34 Likoni Feri
Na walimpima kwa ugali?

#35 Mama wa Tabata
Kwa ugali na mchicha. Walisema amefaulu.

#36 Mkaa Ilazo
Mama, chenji bado anajua kuhesabu?

#37 Mama wa Tabata
Anajua sana. Juzi muuza mkaa kanirudishia pungufu, yeye ndiye aliyesema kutokea chumbani, tena bila kuinuka.

#38 Fundi Kiatu
Basi kesho mkaa akanunue yeye.

#39 Daktari Kijana
Na atakwenda akiambiwa na nani, saa ngapi? Hoja yangu iko palepale.

#40 Nesi wa Zamu
Na yangu. Mama, dawa za usiku anameza saa ngapi?